Mapaja ya Hezroni

Kila Jumamosi, baada ya kukimbia kutoka Bondeni hadi barabara ya Ipyana na kurudi, wanachama wa klabu ya mazoezi walikaa kwenye nyasi za uwanja wa shule, wakanyoosha miguu mbele yao na kusubiri kukaguliwa. Kocha Muksini aliwapitia wanaume. Alikuwa na duka la magodoro karibu na soko, na vidole vyake vilikwisha kuzoea kubonyeza vitu ili kujua ndani kuna nini. Alibonyeza paja juu kidogo ya goti huku akimtazama mtu usoni. Aliyekunja uso alisogezwa mstari wa mbele. Aliyepiga kelele alipigiwa makofi. Wanawake walikaguliwa na Doreen, fundi cherehani aliyekuwa msaidizi wake, kwa sababu Muksini hakuona heshima kushika mapaja ya wake za watu.

"Isipouma, hujafanya kitu," Muksini alisema kila alipomaliza mstari. Maneno hayo yalikuwa yameandikwa pia mgongoni mwa jezi za waliofika mstari wa mbele, kwa rangi ya njano.

Siku hiyo Doreen alimfikia Tusekile, mama mnene wa makamo ambaye wote walimwita Mama Lugano kwa jina la mwanawe wa kwanza. Akambonyeza.

"Hapa?"

"Hapana."

"Na hapa je?"

"Nasikia vidole vyako tu, mwanangu."

Doreen akabonyeza kwa dole gumba, kwa nguvu, mpaka kucha ikaacha alama. Tusekile alimtazama kama mtu anayepimwa nguo. Doreen akainuka, akaenda kumnong'oneza kocha, na Tusekile akabaki nyuma pamoja na wanaoanza, ingawa alikuwa ameanza tangu kabla ya mvua.

Alikuja klabuni kwa sababu ya sukari. Kwenye kituo cha afya Nesi Angetile alimwambia dawa peke yake haitoshi, lazima mwili utembee. Wakati huo nyayo zake zilikuwa zimekufa ganzi. Aliweza kusimama juu ya saruji iliyochomwa na jua la mchana akaanza kuzungumza na jirani bila kujua anaungua. Sasa alianza kuhisi tena kokoto ndani ya ndala. Alikuwa anaweza kuchuchumaa na kuinuka huku amebeba kifuani kopo la saruji iliyogandishwa iwe uzito wa mazoezi, na alipanda ngazi za kanisa bila kushika ukuta. Hilo nalo klabu ililiona, na ndilo lililowatia mashaka. Mtu asiyeumwa alitakiwa abaki alivyo. Wapo waliosema anakunywa dawa za kutuliza maumivu. Wapo waliosema anatoroka katikati ya mbio na kupanda bodaboda, na Jumamosi moja Doreen alikimbia nyuma yake njia nzima ili amfumanie. Hakumfumania. Alirudi akihema, mashaka yake yameongezeka.

Nyumbani mambo yalikuwa hivi. Mume wake, Hezroni, aliyewahi kuwa karani wa mizani wa chama cha wakulima wa kakao, alikuwa mtu wa kushinda barazani. Kazi yake kubwa ilikuwa kugeuza kakao iliyoanikwa kwenye jamvi, na hiyo aliifanya kwa ncha ya fimbo bila kuinuka kwenye kiti. Jumapili moja aliamka akashindwa kushuka ngazi tatu za baraza lao. Mapaja yalikataa. Alijaribu kwa mguu wa kulia, akajaribu kwa wa kushoto, mwishowe akageuka akashuka kinyumenyume, ameshika nguzo, amevaa suti ya kanisani. Majirani walikuwa njiani wanamtazama.

"Ugonile, Baba Lugano," mmoja akamsalimu.

"Ndaga," Hezroni akajibu, akiendelea kushuka.

Jumatatu alikuwa na nafuu. Jumatano iliyofuata ilikuwa zamu ya mabega.

Mtu mzima anayeumwa mapaja na hawezi kueleza alikuwa wapi hupata maelezo kutoka kwa wengine. Ilisemekana ana nyumba nyingine upande wa Mwaya. Tusekile aliyasikia hayo sokoni, na jioni aliyanusa mashati ya mume wake moja baada ya jingine kabla ya kuyaloweka. Yalinuka kakao. Akazidi kuwa na wasiwasi, kwa sababu aliona mwanamume mwenye akili angejipaka kakao kwa makusudi. Hezroni naye alikuwa na ya kwake. Aliona maumivu yalianza mke wake alipoanza kutoka alfajiri akiwa amevaa raba, na akaacha kula chochote ambacho Tusekile hajatangulia kukionja. Wakawa wanakaa mezani kila mmoja akisubiri kijiko cha mwenzake. Usiku kila mmoja alimchua mwenzake mgongo kama kawaida, kwa sababu walikuwa wamezoea, na walikuwa wanapendana.

Tusekile ndiye aliyegundua. Alianza kuona kwamba kila alipochuchumaa sana, kesho yake Hezroni alishuka kinyumenyume. Alipopumzika, Hezroni alitembea vizuri. Hakumwambia mtu. Siku moja nyuma ya nyumba alinyanyua kopo la saruji kwa mkono wa kushoto peke yake, hadi mkono ukatetemeka, na wa kulia akauweka kiunoni wakati wote. Asubuhi yake alimkuta Hezroni chumbani akihangaika na shati. Mkono wa kulia ulikuwa umeingia. Wa kushoto haukupanda zaidi ya kifua.

Alimvalisha. Wakaenda kunywa chai na ndizi za kuchemsha.

"Baba Lugano," Tusekile akasema, "jana nilinyanyua kopo kwa mkono wa kushoto."

Hezroni aliutazama mkono wake wa kushoto, uliokuwa umelala juu ya meza kama kitu alichoachiwa na mgeni.

"Na wa kulia?"

"Sikuutumia."

Hezroni akamimina chai kwenye kisosi, akapuliza, akanywa. "Basi haya ni ya kwako," akasema.

"Ni ya kwangu."

"Mimi nilidhani ni figo."

Akavuta sahani ya ndizi na kula bila kusubiri aonjewe. Tusekile naye alisikia kitu kizito kikimtoka kifuani, kwani sasa alijua hakuna nyumba Mwaya.

Walikaa na jambo hilo siku kadhaa. Hezroni alimwomba aache mazoezi. Tusekile akasema akiacha sukari itapanda. Hezroni akamwomba apunguze, naye akapunguza, na wiki ile ganzi ikarudi kwenye vidole vya miguu. Tusekile akaenda kumwuliza Nesi Angetile, si kuhusu Hezroni, bali kuhusu yeye mwenyewe, kama kweli mazoezi yake ni bure kwa kuwa hayamuumi.

"Nani kakwambia?" nesi akauliza. "Ukianza kitu kipya misuli inaweza kukaza siku mbili tatu, kisha inazoea. Wengine haikazi kabisa na nguvu inaongezeka vilevile. Tazama sukari yako ilivyoshuka. Kinachotakiwa ni kuongeza kidogo kidogo na kupumzika. Ila ukisikia kitu kinachoma kwenye kiungo, goti au bega, hapo usijikaze. Unasimama."

Tusekile alirudisha habari hizo klabuni. Walimsikiliza kwa heshima. Baadaye Doreen alisema manesi hawakimbii, kwa hiyo hawawezi kujua.

Ndipo Hezroni alipokwenda uwanjani mwenyewe. Alikwenda kushtaki. Alifika Jumamosi wakati wa ukaguzi, akitembea kwa miguu iliyopanuka, akiegemea fimbo.

"Shikamoo mzee," Muksini akasema.

"Marahaba. Kocha, nimekuja unisaidie. Mwambie mama apunguze. Anachofanya hapa kinaniumiza mimi."

Muksini hakuuliza inawezekanaje. Alimkalisha kwenye benchi, akachuchumaa mbele yake, akabonyeza paja juu kidogo ya goti. Hezroni alipiga ukelele ulioamsha mbuzi waliokuwa wamelala nyuma ya goli. Kocha akabonyeza paja la pili, na mbuzi wakaondoka kabisa. Muksini alisimama taratibu. Kwa miaka yote aliyobonyeza mapaja hakuwahi kukutana na maumivu ya namna ile.

"Huyu amefanya," akawaambia wanachama.

"Aliyefanya ni mama," Hezroni akasema.

"Mama anaumwa?"

"Haumwi."

"Wewe unaumwa?"

"Naumwa sana."

"Sasa mzee wangu, hapo aliyefanya ni nani?"

Hezroni alifikiri. Aliwatazama watu kwenye nyasi, nao walikuwa wanamtazama yeye, na haikuwa kawaida kutazamwa na watu wengi hivyo tangu aache mizani. Tusekile alikuwa nyuma, na wanaoanza. Alikuwa amekaa, jasho likimtiririka hadi kwenye kidevu. Doreen alikwenda ofisi ya walimu akaomba kiti, akakiweka katikati ya mstari wa mbele. Hezroni akakaa.

Tangu siku hiyo alikuja kila Jumamosi. Alipelekwa kwa baiskeli, akakaa kwenye kiti chake amevaa jezi, na wengine walipochuchumaa yeye aliwatazama na kuwaeleza mahali watakapoumia kesho. Alikuwa anaeleza vizuri. Tumbo lake lilibaki lilelile, na mikono yake ilibaki myembamba kama ya karani, wala fimbo hakuiacha. Hilo halikumsumbua mtu. Tusekile aliongeza kopo la pili la saruji, kisha akaanza kubeba nondo yenye makopo pande zote mbili, na kila alivyozidi kuwa na nguvu ndivyo watu walivyozidi kumwangalia kwa jicho baya. Walisema anachukua bila kutoa. Mwanachama mmoja alihama mahali pake kwenye nyasi asikae jirani naye, akiogopa maumivu yake mwenyewe yasije yakapotea.

Mke wa mwanachama mwingine, mwanamke aliyeuza samaki wakavu, alifika uwanjani kuuliza. Alisema naye anaumwa kiuno na mabega kila siku, miaka mingi, na alitaka kujua kama ni ya mume wake. Muksini alimwuliza anafanya nini kwa siku. Akaeleza. Muksini akamwambia hayo ni ya kazi, hayahesabiwi. Mwanamke akashukuru, akajitwika beseni lake, akaenda zake.

Masika yalipokolea, Tusekile alikwenda kupandikiza mpunga kwenye shamba la familia Ipyana, pamoja na dada yake mkubwa, Tulinagwe. Tulinagwe alikuwa mjane, naye pia alikuwa na sukari. Walishinda wameinama ndani ya maji, safu baada ya safu, milima ya Livingstone ikiwa imefunikwa na mawingu ng'ambo. Jioni Tulinagwe alinyooka kwa vipande, mikono kiunoni, akilalamika. Tusekile alinyooka mara moja. Huko Bondeni Hezroni alikuwa amelala kifudifudi barazani. Waliopita walimwuliza kulikoni.

"Shamba," alisema. "Mwaka huu mpunga umenimaliza."

Wakampa pole. Mzee mmoja alimshukuru kwa jinsi anavyojituma katika umri ule, ndaga fijo, akasema vijana wangeiga. Hezroni alitaka kueleza, akaona ni maneno mengi kwa mtu aliyelala kifudifudi. Na kiuno kweli kilikuwa kinauma. Hakuna aliyeweza kumwambia hakiumi.

Ni hapo alipobadilika. Ijumaa moja, Tusekile akiwa anavua raba kwa sababu ilikuwa siku yake ya kupumzika, Hezroni alisema kutoka kitandani, "Usipumzike leo. Kesho Jumamosi."

Kabla ya mavuno Nesi Angetile alitaka kianzishwe kikundi cha mazoezi cha akina mama wa Ipyana wenye sukari na presha, na akasema aongoze Tusekile. Viongozi wa kijiji waliiuliza klabu. Klabu ikasema Tusekile hajawahi kuumwa hata siku moja, kwa hiyo hajapitia, na mtu asiyepitia hawezi kufundisha. Wakampeleka Hezroni. Tusekile aliruhusiwa kwenda kuonyesha vitendo.

Akina mama walikusanyika kila Alhamisi chini ya paa la ghala la kakao. Tusekile alichuchumaa na kuinuka, nao wakafuata. Aliwaambia waende polepole. Hezroni, kwenye kiti, aliwaambia wakienda polepole basi wanajidanganya. Yeye ndiye aliyekuwa na jezi. Walimwamini, na walianza kuchunguzana nani anakunja uso na nani anategea.

Goti la Tulinagwe lilianza kulia wiki ya pili. Lilitoa sauti kama ya mti mkavu, kisha likavimba upande wa ndani. Tusekile alipiga magoti, akalishika.

"Dada, hii si misuli. Hiki ni kiungo. Kaa chini."

"Wenzangu wananitazama."

"Waache wakutazame."

"Mwache aendelee," Hezroni akasema. "Hapo ndipo yanapoanza kuingia." Hakusema kwa ubaya. Alikuwa mtu mpole, na kwa maumivu yote aliyoyajua yeye, hakukuwa na hata moja ambalo halikuondoka lenyewe Jumanne.

Tulinagwe aliendelea. Maumivu yake hayakuhamia kwa mtu yeyote; yalibaki kwenye goti lake, yakaongezeka. Alhamisi iliyofuata alichuchumaa pamoja na wengine, kikasikika kitu kikikatika, wote wakakisikia, na alipotakiwa kuinuka alikaa. Kwanza walidhani anategea. Mmoja akamwambia ajikaze. Kisha waliona mguu ulivyogeukia mahali usipotakiwa kugeukia.

Nesi Angetile alikuja kwa miguu, akaufunga mguu kwa vipande vya ubao. Alisema kilichokatika ndani ya goti hakitajiunga kwa kuchua. Atahitaji hospitali kubwa, na hata huko hakuahidi kwamba atatembea kama zamani. Aliyasema hayo akimtazama Hezroni, na Hezroni akatikisa kichwa kwa masikitiko.

"Alikuwa amekaribia sana," akasema.

Barabara ilikuwa imekatwa na maji, hakuna bodaboda iliyoweza kupita. Tusekile alimfunga dada yake mgongoni kwa kanga mbili kama mtoto, akaondoka naye kwenda kituo cha afya, katikati ya mikakao. Tulinagwe alikuwa na mwili mkubwa kuliko yeye. Tusekile alikwenda bila kusimama.

"Nimekulemea," Tulinagwe akasema sikioni mwake.

"Hapana."

"Huumwi?"

"Siumwi, dada."

"Basi kesho Hezroni hataamka."

"Hataamka."

"Mwambie mgongo huo ni mimi." Akaanza kucheka, na kicheko kilipotikisa goti akalia. Tusekile alilisikia chozi likimwingia kwenye kola, na hakuwa na la kufanya nalo, kwa sababu nguvu aliyokuwa nayo ilikuwa ya kubeba tu.

Kesho yake Hezroni hakuamka. Jumamosi alisaidiwa na watu wawili kufika uwanjani. Muksini alimbonyeza mgongo, kuanzia kiunoni hadi mabegani, na Hezroni alilia machozi. Klabu ilipiga makofi muda mrefu. Aliwaeleza kwamba safari hii ulikuwa mzigo mzito, njia mbaya, maji kila mahali. Hakusema mzigo ulikuwa nani, ingawa aliambiwa. Mtu mmoja aliuliza habari za yule mama wa Ipyana. Muksini alisema inasikitisha, lakini wengi huishia njiani, na siku zote ni pale wanapokaribia kupata. Tusekile alisimama akasema goti lilikuwa limetoa ishara wiki nzima, na mtu angelisikiliza lingekuwa zima. Walimgeukia wote.

"Wewe unaumwa wapi?" Doreen akauliza.

Tusekile alitafuta mwilini mwake kwa uaminifu, kutoka visigino hadi shingoni. "Siumwi popote," akasema.

Wakaendelea na mazoezi.

Kikundi cha Ipyana hakikuvunjika. Akina mama waliongeza bidii, wakiogopa kuonekana kama Tulinagwe. Naye Tulinagwe alisubiri nafasi kwenye hospitali kubwa, na kila Alhamisi Tusekile alimbeba mgongoni kumpeleka kituoni kubadilishiwa bandeji, na kumrudisha. Hezroni alizoea. Alijipangia kulala Ijumaa nzima na kuwa tayari Jumamosi. Tusekile alimchua kwa dawa, naye alishukuru kila mara, akamshika mkono na kumwambia hakuna mke kama yeye Bondeni nzima.

Jumatano moja alimwita kutoka chumbani. Alisema Jumamosi inakuja klabu nyingine kutoka Mbeya, imesikia habari zake, inataka kumwona. Akamwuliza kama kesho Tulinagwe atapelekwa kituoni.

"Atapelekwa."

"Vizuri," Hezroni akasema, akijigeuza polepole ili mgongo upate nafasi. "Umpitishe njia ya mtoni. Ni ndefu."

Kesho yake Tusekile alimfunga dada yake kwa kanga mbili na kupita njia fupi, kwa sababu kila hatua iliingia kwenye goti la Tulinagwe, na hilo lilimuuma Tulinagwe mwenyewe. Hata hivyo mgongo wa Hezroni uliuma vya kutosha. Jumamosi wageni walipanga mstari, wakaubonyeza kila mmoja kwa zamu yake, na walipomaliza walimpigia makofi wakiwa wamesimama.